Ukuta Katikati ya Ziwa

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nakujua. Ukipigiwa simu unaitika "eeh, eeh" mpaka mwisho, halafu unamuuliza mpangaji wako nilikuwa nasema nini. Masikio umeliachia bwawa, basi mimi nitatumia macho yako.

Nimefika salama. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Dirisha lina vioo viwili, kimoja kimepasuka, kingine kinafunguka, na kutoka hapo naliona ziwa lote. Kazini wamenipa koti jeupe linalonifika magotini na meza yenye chupa sitini. Kila asubuhi naletewa maji ya mabomba ya mji mzima. Nayapima, naandika, namwaga. Bosi ananiita Daktari wa Maji, na sijajua bado kama ananisifu au ananicheka.

Sasa shida yangu. Hapa hakuna bwawa la kuogelea. Nilimuuliza fundi bomba mmoja, akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Dada, ziwa zima hilo hapo nje. Bwawa la nini?" Nikaona kweli. Jumamosi nikaenda kwenye gati na miwani yangu na kofia yangu nyekundu, nikaingia. Mjomba, mimi niliyeshinda mashindano ya vyuo mara mbili, nilipiga mikono hamsini tu, nikarudi mbio kama kuku aliyemwagiwa maji. Hakuna kilichonigusa. Nilitazama chini, basi, na chini hakukuwa na kitu. Mstari wetu mweusi wa sakafuni mwa bwawa haukuwepo. Kijani, halafu kijani kizito zaidi, halafu giza.

Naomba unifundishe upya. Ng'ambo ya ziwa kuna kiwanda cha matofali chenye dohani ndefu. Wewe unaijua. Kutoka gatini ni kilomita nane, na huko ndiko mama alikokuwa anaelekea. Nataka kuvuka mwezi wa nane, maji yakitulia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ng'ambo kule kuna nini. Akasema, "Sijui mwanangu. Sikufika." Mimi nataka kufika nikaone.

Kiluwiluwi wako


19 Februari

Mpwa wangu Kiluwiluwi,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli, na nimekusahihishia makosa matatu ya tahajia ambayo sitayataja.

Ngoja nikueleze kwanza tofauti, maana mtu hawezi kutibu ugonjwa asioujua. Bwawa ni chumba chenye maji. Lina kuta nne, sakafu, na mara nyingi paa. Bwawa letu la chuo ni mita ishirini na tano. Ukiogelea kilomita moja humo, unausukuma ukuta mara arobaini ukihesabu ule wa kuanzia, na kila msukumo unakupeleka mita tano bila mkono kufanya kazi. Piga hesabu. Mita mia mbili katika kila elfu hukuogelea wewe, umeogeleshwa na ukuta. Kwa hiyo kilomita ya bwawa ni mita mia nane. Ukuta ni mkongojo, mwanangu, na mtu aliyekulia kwenye mkongojo hajui kama anachechemea mpaka siku anyang'anywe.

La pili ni macho. Kwa miaka kumi na mitano nimekupigia kelele, "Kichwa chini!" Sasa nakuambia uinue. Usiinue kichwa chote, utazamisha miguu. Fanya kama mamba: macho tu juu ya maji, itazame dohani, kisha rudi chini na uvute pumzi ubavuni. Fanya hivyo kila baada ya mikono kumi. Bila hivyo utaogelea kwa duara na kujikuta umerudi gatini ukiwasalimia wale wale uliowaaga.

La tatu ni pumzi. Nilikufundisha kuvuta hewa upande wa kulia peke yake. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilikuwa natembea ukingo wa kulia na saa yangu mkononi, nikapenda unione. Jifunze na kushoto, la sivyo siku wimbi likitokea kulia utakunywa ziwa mpaka ushibe.

La nne ndilo hilo lililokurudisha mbio. Usitazame chini kutafuta kitu. Tazama mkono wako unavyoingia majini, tena na tena. Huo ndio mstari wako sasa. Unatembea nao.

Usiingie peke yako hata siku moja. Funga kiunoni boya dogo la rangi ya chungwa, ili wenye boti wakuone.

Kuhusu kuvuka mpaka kwenye dohani, neno langu ni hapana. Sheria ya chama chao cha waogeleaji ni ngumu: ukishika boti, au mtu akikugusa hata kwa ncha ya kidole, safari imefutwa na jina lako haliandikwi. Mimi nilijaribu, msuli wa paja ukanikaza katikati ya ziwa. Miaka miwili baadaye akajaribu mama yako, mimi nikiwa kwenye boti. Hadithi unaijua. Zikiwa zimebaki mita mia tatu, nguvu zikamwishia, akaanza kuzama, nikamshika. Nisingenyoosha mkono siku ile, leo usingekuwepo wa kuniandikia.

Nimeandika barua hii nikiwa nimevaa lile shati la tatu la mama yako, la mistari. Kola imechoka, lakini mshono haujaachia hata mmoja. Kila mwaka, tarehe ile ile niliyomtoa majini, alinishonea shati. Kumi na manne, mpaka mwaka aliofariki. Mtu wa namna hiyo hapatikani tena.

Ogelea karibu na ufuko. Panatosha.

Mjomba


25 Machi

Shikamoo Mjomba,

"Ogelea karibu na ufuko, panatosha." Aliyenirukisha kwenye bwawa nikiwa na miaka saba, nikilia, akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ni nani? Mimi nimeshavua, Mjomba.

Nimepata wenzangu. Kuna mpishi wa hospitali, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kengele, tunamwita Sufuria. Kuna mwalimu wa hesabu asiyezungumza kabla ya saa mbili asubuhi. Tunaingia saa kumi na mbili kamili, kabla ya kazi, siku nne kwa wiki. Sufuria haogelei haraka, lakini hachoki. Siku ya kwanza alinitazama nikipiga mbio zangu za bwawa, akasema, "Huyu anamkimbia nani?" Sasa nimejifunza kwenda polepole. Macho ya mamba nimeyaweza. Kuvuta pumzi kushoto ni kama kuandika kwa mkono usio wako, ila naanza kusomeka.

Jana tulikwenda kilomita nne, kwenda na kurudi. Nikuchekeshe. Mwisho mwisho nilichoka mpaka akili ikalala, nikabaki mwili tu. Na mwili, bila kuniuliza, ukahesabu mikono ishirini na miwili, ukajikunja kama kamba wa kukaanga na kugeuka! Miguu ikatafuta ukuta. Katikati ya ziwa! Nilimeza maji kwa kucheka. Nikaendelea kidogo, mkono wa ishirini na mbili, nikajikunja tena. Miaka yote ile ya kujipindua kwenye ukuta wa bwawa kila mikono ishirini na miwili, ili niusukume kwa miguu, imeingia kwenye mifupa.

Nina maswali manne. Moja, baridi: kidole changu cha mwisho kinakufa ganzi, nifanye nini? Mbili, nile nini majini, na mara ngapi? Tatu, hili la kujikunja liliwahi kukutokea wewe? Lilimtokea mama? Nne, ndilo kubwa. Chama kinataka kila anayevuka awe na mtu wake kwenye boti, mtu anayemjua anavyoogelea. Hakuna anayenijua majini kama wewe. Utakuja kukaa kwenye boti yangu?

Usiseme hapana. Nimeshaandika jina lako kwenye fomu.

Kiluwiluwi


10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Umekuwa mkaidi kama marehemu, na kwake pia sikuwahi kushinda ubishi.

Baridi: kidole kikifa ganzi, si cha kuogopa. Cha kuogopa ni vidole kuanza kuachana na usiweze kuvibana. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kuivuta damu ndani, kulinda moyo na kuiacha mikono ijitegemee. Ukiona hivyo, toka. Usibishane na damu.

Chakula: kila nusu saa, kidogo. Ndizi iliyopondwa, uji mwepesi kwenye chupa. Utarushiwa kwa kamba, wala hutaigusa boti. Ule ukiwa chali. Usizidishe dakika moja, maana mwili ukisimama unapoa.

Kuhusu boti, nimefikiri siku sita. Nitakuja. Mtu mzima akishaandikwa kwenye fomu hana pa kukimbilia. Nitakaa upande wako wa kulia, kama zamani, na nitashika ubao mdogo wa chaki nikuandikie muda. Nimeshaununua.

Fanya mazoezi ya kilomita sita kabla ya mwezi wa sita. Na uache kucheka majini, utavuta maji kwenye mapafu.

Mjomba


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Niliuliza maswali manne, ukajibu matatu. Mtu aliyenisahihishia tahajia hawezi kuruka swali zima kwa bahati mbaya. Mwanzoni nilidhani ni uzee, nikakuonea huruma. Sasa sijui nikuonee nini.

Jumapili nilikwenda kuitazama boti tutakayokodi. Mwenye boti ni mzee mfupi, kipara kimeiva kwa jua, wanamwita Mzee Injini. Alikuwa amelala chini ya injini yake, tunaiona miguu yake tu. Sufuria akamwambia, "Huyu binti mama yake aliwahi kuvuka nusu, zamani. Mshonaji." Miguu yake ikaacha kucheza. Akatoka kule chini, akajifuta mafuta, akaniuliza:

"Mshonaji mwenye kofia nyekundu?"

"Ndiyo. Ndiyo hii hii ninayovaa."

"Alikuwa na kaka yake kwenye boti. Mwalimu."

"Ndiye mjomba wangu. Ndiye aliyemwokoa."

Mzee Injini akasema, "Alimwokoa na nini?"

Nikadhani anatania. Nikamwambia mama alikuwa anazama. Akatikisa kichwa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu usiku ule ule niliyaandika nyuma ya karatasi ya kazini nisije nikayakosea.

"Binti, mimi nimetoa watu majini, wazima na wafu. Mama yako hakuwa anazama. Alikuwa anabiringika. Anakwenda, anakwenda, halafu anajikunja na kubiringika kama fisi maji, anatoka tena, anaendelea na safari. Mimi nilicheka. Nikamwambia mwalimu, mwache, anacheza. Yeye akasema, anazama, sogeza boti. Nikasogeza, ni mteja. Akamshika kwapani. Mama yako akampiga teke moja la nguvu, maji yakaruka mpaka usoni kwangu. Mtu anayezama hana teke la namna hiyo."

Mjomba, mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba nilijikunja katikati ya ziwa. Sikukuandikia kwamba nilikuwa nazama. Nilikuwa nachoka tu.

Nieleze. Wewe hupungukiwi na maelezo.

Mpwa wako


20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Umeniomba maelezo, nitakueleza kwa utaratibu, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Watu wengi hudhani anayezama hupunga mikono na kupiga kelele. Sivyo. Anayezama huwa kimya. Mdomo huzama na kuibuka, hana hewa ya kuitia sauti. Kichwa huenda nyuma au huinama mbele. Miguu hupoteza mpangilio. Wengi wamefia mita mbili kutoka kwa jamaa zao waliodhani wanacheza. Hata hilo teke halithibitishi kitu. Anayezama hupigana na anayemwokoa, nasi walimu tunafundishwa kumshika kwa nyuma kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee Injini ni mtu mwema, lakini kazi yake ni injini. Alikuwa anatazama propela. Tena ni zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kumbukumbu ya mzee ni kama wavu, hushika samaki na matope pamoja.

Mama yako mwenyewe alijua alikuwa anazama. Alisema hivyo mpaka kufa kwake. Nani ajue zaidi, yeye au mwenye boti?

Nilikuwa na sekunde tatu za kuamua kati ya dada yangu na orodha ya chama. Nilichagua dada. Mtu hahukumiwi kwa hilo.

Mjomba wako aliyekulea


1 Juni

Mjomba,

Mama alijua alikuwa anazama kwa sababu wewe ulimwambia. Nilirudi kwa Mzee Injini. Anasema mama alipoingizwa kwenye boti alitazama huku na huku, akauliza, "Kuna nini?" Ukasema, "Ulikuwa unazama." Akasema, "Mimi?" Ukasema, "Wewe." Ndipo akaanza kulia.

Aliyechoka kiasi kile hakumbuki. Mimi mwenyewe sikumbuki safari nzima ya Jumapili iliyopita. Mtu angeniambia nilikuwa nazama, ningemwamini.

Unakumbuka alivyokuwa anakuja bwawani? Anakaa kwenye benchi la mbali na nguo yake ya kushona, mgongo umeyaelekea maji. Hakutia hata kidole. Nilikuwa namvuta mkono, "Mama, ingia." Anasema, "Mwili wangu mimi si wa kuuamini." Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani anaumwa.

Sitaki somo la watu wanavyozama. Nataka jambo moja. Kugeuka ukutani ulimfundisha wewe, kwa mikono yako, kama ulivyonifundisha mimi. Jinsi kidevu kinavyoingia kifuani, jinsi magoti yanavyokuja, jinsi miguu inavyotafuta ukuta. Fundi hashindwi kuutambua mshono wake mwenyewe, hata uwe kwenye nguo ya mtu anayepita barabarani.

Ulijua?

Neno moja linatosha.

Mpwa wako


28 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeiitikia hivyo hivyo: marahaba.

Ulitaka neno moja. Nimelitafuta karibu miezi miwili. Nimeandika barua tano na kuzichana, na kila moja ilikuwa ndefu na imepangika vizuri. Mpangaji wangu ameniuliza kama naandika kitabu.

Neno lenyewe ni ndiyo. Sasa niruhusu kueleza. Si kwa kujitetea. Sijui kufanya kitu kingine.

Nianze na safari yangu mimi. Msuli wa paja haukukaza. Hakuna msuli uliokaza. Nilikuwa bingwa wa bwawa, hakuna aliyenifikia kwa mita mia nne, na nilipofika katikati ya ziwa nikatazama chini, nikakuta mstari haupo. Nilishika boti kwa mikono miwili, nikalia kama mtoto. Mwenye boti wa siku ile alikuwa mwingine, na ameshafariki, nami nikasema ni msuli. Watu ng'ambo walikuwa wamesimama kunisubiri. Mmoja wao alikuwa ameshika taulo jeupe. Nilirudishwa gatini bila kulifikia.

Miaka miwili baadaye mama yako akaniambia atavuka. Msichana niliyemfundisha mimi, ambaye kwenye bwawa nilikuwa namwacha mita kumi na tano. Nilikaa kwenye boti saa tatu na nusu nikimtazama akikipita kile kipande cha maji nilicholilia. Hakusita. Alitazama mkono wake unavyoingia, kama nilivyokuandikia wewe. Ule ushauri wa mkono si wangu. Ni wa kwake.

Zikiwa zimebaki mita mia tatu akajikunja mara ya kwanza. Nikajua papo hapo. Hata nilitabasamu. Nikasema moyoni, huyo mtoto wa bwawa anatafuta ukuta. Akajikunja mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa safi zaidi, kidevu kifuani, magoti pamoja, kama tulivyofanya mazoezi. Kisha nikainua macho. Ufukweni watu walikuwa wameanza kusimama. Mtu mmoja alikuwa amelikunjua taulo jeupe, amelishika kwa mikono miwili. Akajikunja mara ya tatu, na mkono wangu ukaenda.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Mkono hauendi wenyewe. Kuna nguvu inayousukuma, na nguvu ina chanzo. Chanzo nimekueleza.

Alipouliza, "Mimi?" hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kusema nilikosea, ningesema samahani dada, angenitukana wiki nzima, na mwaka uliofuata angevuka. Nilisema, "Wewe." Nikaufunga mlango.

Aliponiletea shati la kwanza nilikusudia kumwambia. Alinivalisha mwenyewe, akanyoosha mabega, akasema, "Kaka, bila wewe nisingekuwepo." Likanikaa vizuri mno. Mwaka wa pili ikawa vigumu zaidi, na mwaka wa saba nikawa naamini mimi mwenyewe. Hivyo ndivyo uongo unavyofanya kazi. Ukivaliwa kila siku unapata umbo la mwili.

Nilikufundisha wewe kuogelea nikidhani namlipa yeye. Nikakufundisha kugeuka ukutani kuliko kitu kingine chochote, na sasa ninajiuliza kwa nini.

Siwezi kuyavaa yale mashati tena, wala siwezi kuyatupa. Nimeyafua, nimeyapiga pasi, nimeyapanga kwenye sanduku. Nitakutumia kwa basi la mizigo. Ni mikono ya mama yako, yana haki ya kuwa kwako.

Ubao wa chaki bado ninao. Sikuulizi kama nije.

Mjomba


17 Agosti

Shikamoo.

Hiyo ni kwa umri wako.

Jumamosi nilivuka. Kwenye fomu nililikata jina lako, nikaandika la Sufuria. Mwalimu wa hesabu alihesabu mikono yangu safari nzima. Boti nilitaka ikae kushoto kwangu, upande niliojifunza mwenyewe.

Nataka ujue kwamba kila ulichoniandikia kilikuwa kweli. Macho ya mamba, kila mikono kumi. Ndizi iliyopondwa, dakika moja, chali. Katikati, pale pako, nilitazama chini mara moja kwa makusudi. Kijani, halafu kijani kizito. Nikautazama mkono wangu unavyoingia. Nilivuka kwa mafundisho yako kuanzia gatini mpaka kwenye matofali, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ungekuwa mwalimu mbaya ingekuwa rahisi kwangu.

Zikiwa zimebaki kama mita mia nne, mwili ulianza. Nilijikunja mara ya kwanza. Nikajikunja mara ya pili. Ya tatu nilipotoka juu nilikuwa sijui mbele ni wapi. Mzee Injini alikuwa ameshazima injini, anapiga makasia kando yangu polepole. Nikasikia kicheko. Alicheka kwa sauti, kama mtu aliyekaa barazani kwake, akasema, "Binti! Ukuta huo kaujenga nani hapo?"

Nami nikacheka. Nikaiona dohani. Nikaendelea.

Ni hicho tu, Mjomba. Hakuninyooshea mkono, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye makasia. Mama alihitaji kicheko kimoja, na mwenye boti aliyekuwa nacho ndiye huyu huyu, na wewe ulimwambia asogeze boti.

Ng'ambo hakuna kitu. Nimefika nimeona. Kuna matofali yaliyopangwa yakikauka, kuna mbwa mwekundu kwa vumbi, kuna mwanamke alikuwa anaanika mashuka, akaniuliza nimetoka wapi nimelowa hivyo. Nilipomwonyesha gati akasema, "Kote huko? Kwa nini?" Hakukuwa na mtu mwenye taulo. Nilikaa juu ya matofali, nikavaa koti langu jeupe la kazini, kwa sababu ndilo nililokumbuka kubeba. Mama angekuta hivyo hivyo. Na siku ile nilipomuuliza ng'ambo kuna nini angenijibu, "Matofali, mwanangu, na mbwa." Tungecheka, na angeingia bwawani na mimi.

Chama wameandika jina langu. Niliwaomba waandike na la mama, wakasema hapana, aliguswa. Sheria ni ngumu, kama ulivyonieleza.

Sanduku la mashati limefika jana. Sikulifungua. Nimemlipa dereva yule yule alirudishe kwako, utalipokea Alhamisi. Mama hakunishonea mimi, alikushonea wewe, kwa vipimo vyako, mwaka hadi mwaka, kadiri ulivyonenepa.

Yavae, Mjomba. Kumi na manne yote, moja baada ya jingine, na likichanika ulishone mwenyewe.

Mtoto wa dada yako